Wawakilishi wa Mezani

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu wakubwa wake hawapendi kutajwa wakati wanakula, na mimi sijui saa ambayo hawali. Ni nchi nzuri. Ina mito mingi, na wizara nyingi kuliko mito. Serikali yake inawapenda maskini kwa dhati. Inawapenda kiasi kwamba haitaki wapungue.

Kwa mapenzi hayo, serikali ilibuni Kadi ya Shibe. Kila kaya maskini ilipewa kadi ya kijani yenye picha ya Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Dakta Makoroko, akitabasamu mbele ya sinia la pilau. Kila mwanzo wa mwezi serikali iliingiza chakula kwenye kadi: unga, maharage, mafuta, na sukari ya kudanganyia chai. Mwenye kadi alikwenda kwenye duka la wakala, akaichomeka kwenye mashine, akabonyeza namba yake ya siri, akapimiwa chakula chake. Siku ya uzinduzi Waziri alitangaza kwamba njaa sasa ni historia, na kwamba watoto wataisoma darasani kama wanavyosoma habari za wakoloni. Watu walipiga makofi. Nadhani pilau la kwenye picha ndilo lililopigiwa zaidi.

Katika mji mdogo wa Mkongoroni, ambako greda hufika wakati wa kampeni na kuondoka baada ya matokeo, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Bi Sijaona Mtoro. Alikuwa msuka mikeka mashuhuri mpaka vidole vilipokakamaa vikamkataa. Alikuwa akilea wajukuu wawili, Subira na mdogo wake Kondo, walioachwa na binti yake aliyefariki. Kabla ya kadi, watatu hao walikuwa wakila kwa zamu ya bahati. Na lazima niseme haki ya Mungu, kadi ilipokuja ilifanya kazi. Jiko la Bi Sijaona lilianza kuwaka kila siku. Kondo, ambaye alikuwa analala darasani mpaka mwalimu akadhani ana malale, aliamka na kuanza kubishana na mwalimu juu ya majibu ya hesabu. Bi Sijaona aliifungia kadi yake kwenye pindo la kanga na kulifunga fundo ambalo hata yeye alilifungua kwa meno.

* * *

Penye asali hapakosi nzi. Zikasikika habari kwamba kuna watu wanawachungulia wenzao dukani, wanaziiba namba za siri, na chakula cha mtu kinaliwa na asiye mwenyewe. Serikali ilighadhibika. Iliunda Idara ya Ulinzi wa Kadi, ikaijengea jengo la vioo kule makao makuu, ili wananchi waone kwamba ndani hakuna kinachofichwa, ingawa vioo vyenyewe vilikuwa vile ambavyo aliye nje haoni ndani.

Mheshimiwa Makoroko alilifungua jengo hilo kwa hotuba iliyorudiwa redioni mpaka watoto wakaijua kwa moyo. "Kadi ni kama jino," alisema. "Likiwa mahali pake linakulisha. Ukiling'oa kumwonyesha jirani, jirani ataliona, lakini wewe hutakula tena." Wazee waliokuwa mkutanoni walishika mashavu yao.

Maofisa wa Idara wakasambaa nchi nzima kutoa semina. Walipofika Mkongoroni walijilipa posho ya safari, posho ya kukaa, na posho ya kusimama kwa wale waliofundisha wakiwa wamesimama. Wananchi walipewa fulana zilizoandikwa NIMELINDA. Walifundishwa kuziba vitufe kwa kiganja wakati wa kubonyeza namba, kutomwachia mtu kadi, kutoandika namba mahali popote, na kutomtajia mtu yeyote namba hiyo, hata akija na machozi.

Bi Sijaona alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Tangu siku ile, akifika dukani kwa wakala, Bwana Chande, alijifunika kanga gubigubi yeye pamoja na mashine, kama mtu anayejifukiza. Chande, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliambiwa atoke nje ya duka lake mwenyewe na kungoja barazani. Hakulalamika. Alisema afadhali mteja anayekutoa nje kuliko yule anayekutia ndani.

Basi siku moja simu ya Bi Sijaona ikalia. Aliyepiga alikuwa mwanamke mwenye sauti laini, akajitambulisha kuwa anatoka Idara ya Ulinzi wa Kadi. Alisema wanahakiki kama wananchi wanatunza siri, akamuuliza kama amewahi kumtajia mtu namba yake. Bi Sijaona akajibu kwamba hajawahi, hata wajukuu zake hawaijui. Yule mwanamke akampongeza kwa niaba ya taifa, kisha akamwomba aitaje, ili Idara ithibitishe kwamba namba anayoitunza ndiyo yenyewe, isije ikawa anatunza namba ya mtu mwingine.

Bi Sijaona alisita. Alimkumbusha kwa adabu kwamba wao wenyewe ndio waliosema isitajwe kwa mtu.

"Ni kweli, mama," sauti ikajibu. "Lakini Idara si mtu. Idara ni idara."

Bi Sijaona alitafakari jambo hilo, akaona lina ukweli. Idara haijawahi kuja na machozi. Haina jicho la kuchungulia wala mkono wa kuiba. Tena ndiyo iliyomfundisha kila alichokijua. Akaitaja, kwa sauti ya chini, akiwa amejifunika kanga.

* * *

Mwanzo wa mwezi uliofuata alikwenda kwa Chande, akamtoa nje, akajifunika, akabonyeza. Mashine za nchi ile zilikuwa zinasema, kwa sauti ya kike yenye heshima zote. Ikasema, "Karibu Sijaona Mtoro. Mwezi huu umekwisha kushiba. Asante kwa kula."

Bi Sijaona akamwita Chande ndani. Chande akaipangusa kadi kwa shati lake, akaichomeka tena, akabonyeza kitufe cha maelezo. Mashine haikuficha kitu. Ikaeleza kwamba Sijaona Mtoro amekula wali wa nazi, kuku wa kukaanga, maharage na juisi ya embe, katika Kantini Kuu ya Idara ya Ulinzi wa Kadi, makao makuu, tena akarudia. Ikamtakia mmeng'enyo mwema.

Chande alivua miwani. Akamuuliza Bi Sijaona kama alisafiri bila kuaga. Bi Sijaona akasema tangu azaliwe hajakanyaga makao makuu, na kuku wa kukaanga alimwonja mara ya mwisho kwenye harusi ya mtu ambaye sasa ana wajukuu.

Hakuwa peke yake. Jirani yake, Bi Somoe, mwuza ukwaju mwenye ulimi mkali, naye aliambiwa na mashine kuwa ameshiba samaki wa kupaka. Hilo lilimkera kuliko njaa yenyewe. Alikuwa hali samaki. Akimla anavimba uso. "Mwizi wangu hata hajanijua," alilalamika. "Angeuliza basi ninachopenda."

Walivumilia. Walikopeshana unga wa muhogo mpaka wote wawili hawakuwa na wa kukopeshana. Mwezi mwingine ukaingia, mashine ikawashukuru tena kwa kula. Kondo akarudia kulala darasani, na safari hii mwalimu hakumwamsha, maana na yeye alikuwa na kadi.

Subira, yule mkubwa, alianza kurudi jioni akisema kwamba amekula kwa rafiki yake, kwa hiyo sehemu yake apewe Kondo. Bi Sijaona aliona si vizuri kulishiwa mtoto bila kushukuru. Akajifunga kanga nyingine akaenda kwa mama wa huyo rafiki kutoa asante. Yule mama alimsikiliza, akainama, akasema kwamba Subira hajaonekana pale siku nyingi. Na hata angeonekana, hapakuwa na kitu cha kumpa.

Bi Sijaona alirudi nyumbani polepole. Hakumgombeza mtoto. Alikaa mlangoni akimtazama akikung'uta vumbi la madaftari, akaona mifupa ya mabega ilivyochomoza ndani ya sare. Ndani ya nyumba ile kila mtu sasa alikuwa ameshiba kwa maneno. Asubuhi yake akamwambia Bi Somoe kwamba wanakwenda wilayani.

* * *

Afisa wa Shibe wa Wilaya alikuwa Bwana Fungameza, kijana mnene, mcheshi, mwenye ofisi yenye feni mbili, moja yake na moja ya picha ya Waziri. Aliwakaribisha vizuri. Aliwapa viti, kisha akavichukua akawapa vingine vyenye mito. Aliisikiliza habari yote bila kukatiza, akaichomeka kadi ya Bi Sijaona kwenye mashine ya mezani, mashine ikasema ileile.

Bwana Fungameza alifurahi. Alimpa Bi Sijaona hongera. Akasema wapo wananchi wengi ambao mashine inaonyesha wamekula maharage tu, lakini yeye amefikia kuku. Bi Sijaona akamwambia kwamba huyo kuku hakupita kinywani mwake.

"Mama," Fungameza alisema kwa huruma, "mashine haina tumbo. Haina sababu ya kudanganya. Mwenye tumbo hapa ni wewe."

Bi Sijaona akamwomba amtazame tu, aone kama huo ni mwili wa mtu wa kuku. Fungameza akaeleza kwa masikitiko kwamba kwa mujibu wa mwongozo, ofisa haruhusiwi kumtathmini mwananchi kwa macho, kwa kuwa macho hayajahakikiwa. Akampeleka chumba cha pili, kwenye mzani wa serikali. Muuguzi akampima, akaingiza uzito wake kwenye kompyuta, kompyuta ikaukataa. Ikasema mtu aliyekula vile hawezi kuwa na uzito huo. Muuguzi, ambaye alikuwa na watoto wa kulea, aliuongeza kidogo, ikakataa. Akauongeza tena, ikakataa. Mwisho akaiachia kompyuta yenyewe iandike inachoona kinafaa. Bi Sijaona akatoka mle chumbani akiwa na uzito wa dume la ng'ombe.

Fungameza alipouona uzito huo alibadilika uso. Alimsihi Bi Sijaona apunguze vyakula vya kukaanga. Alisema mama yake mwenyewe ana presha, na anajua shida zake.

Bi Somoe alishafungua kinywa. Bi Sijaona akamshika mkono. Alikuwa amekaa kimya muda mrefu, na wanaomjua wanasema akinyamaza hivyo huwa anasuka kitu kichwani. Akamuuliza Fungameza, kwa upole, kama ni kweli basi kwamba yeye ni mteja wa ile kantini ya makao makuu.

"Tena mteja wa kila siku," Fungameza alisema.

"Na mashine haikosei?"

"Haijawahi, mama."

Akamwomba aseme tena, Bi Somoe asikie. Fungameza akarudia kwa fahari, akasimama na kuwafungulia mlango.

* * *

Walipanda lori la vitunguu, Bi Sijaona, Bi Somoe na wale watoto wawili, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye chakula wa kuwaachia. Walifika makao makuu siku ya pili, wananuka vitunguu, wakaliona lile jengo la vioo. Waliona sura zao tu humo, wakiwa wamechoka.

Mlinzi wa getini aliwasimamisha. Getini palikuwa na mashine pia. Bi Sijaona akachomeka kadi. Mashine ikasema, "Karibu tena, Sijaona Mtoro," na geti likafunguka. Mlinzi, aliyeajiriwa kuiamini mashine, alimpigia saluti. Alimwambia kwamba siku hizi anapita mapema.

Kantini Kuu ilikuwa ukumbi mpana wenye vitambaa mezani. Wafanyakazi wa Idara walikuwa wamekaa na tai zao, vitambulisho shingoni, wakingoja. Mbele, nyuma ya masufuria yanayotoa mvuke, alisimama mpishi mkuu, Bwana Salmini, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe, na mkononi ana mwiko. Utaratibu ulikuwa hivi: Salmini anaita jina la mwananchi, na mfanyakazi wa Idara anasimama kumpokelea chakula. Maana katika nchi ile ilionekana kwamba maskini ana mbunge wa kumwakilisha bungeni na wakili wa kumwakilisha mahakamani, lakini mezani yuko peke yake. Idara ikajitolea. Kila mfanyakazi alipewa mwananchi mmoja wa kumwakilisha mezani, na wengine walifanya kazi hiyo kwa moyo mpaka mikanda ikawabana.

"Sijaona Mtoro," Salmini akaita.

Wakasimama watu wawili. Mmoja alikuwa kijana wa suti ya kijivu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Wa pili alikuwa bibi mwembamba aliyeshika watoto wawili mikono.

Salmini akatazama mmoja, akatazama mwingine. Akauliza Sijaona ni nani. Kijana akasema, bila kuona ajabu yoyote, kwamba Sijaona ni yeye, Jumatatu mpaka Ijumaa.

"Basi leo pumzika, mwanangu," Bi Sijaona akamwambia. "Nimekuja mwenyewe."

Kijana akasema kwamba yeye ana namba, na kwa Idara namba inatosha bila kadi. Bi Sijaona akasema naye anayo, na kadi anayo, na jina alipewa na wazazi wake. Akaenda mbele. Palikuwa na mashine mezani kwa Salmini. Akajifunika kanga gubigubi yeye na mashine, kama alivyofundishwa, na ukumbi mzima wa walinzi wa kadi ukatazama kanga ile ikitikisika. Mashine ikasema karibu.

Salmini alikuwa mpishi, hakuwa mwanasiasa. Alikuwa ameambiwa alipakulie jina chakula, na jina lilikuwa limesimama mbele yake likiwa na mtoto anayetazama sufuria bila kupepesa macho. Akapakua. Inasemekana alipakua zaidi ya kipimo.

Bi Sijaona aliwakalisha wajukuu kwenye kiti cha yule kijana. Kondo alianza na kuku. Subira alikaa na mikono mapajani, akamwambia bibi yake kwamba yeye ameshiba, ale Kondo. Bi Sijaona akamshika kidevu, akamgeuza amtazame.

"Humu ndani," alimwambia, "waliosema wameshiba kwa ajili yetu wanatosha. Wewe kula."

Mtoto akala. Alikula akilia, bila sauti, mchuzi na machozi vikichanganyika. Bi Sijaona hakumfuta, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amejifunika kanga usoni, na hapo hapakuwa na mashine.

Baadaye akaitwa Bi Somoe. Akapewa samaki wa kupaka. Alimwangalia yule samaki kwa chuki, akabadilishana na bibi mmoja wa mapokezi aliyekuwa anawakilisha mtu wa maharage.

* * *

Habari haina miguu lakini hufika. Chande alikuwa ameachiwa salamu, na baraza la duka lake halijawahi kutunza siri kama mteja wake. Kabla wiki haijaisha, malori ya vitunguu, ya mkaa na ya viazi yalikuwa yanashusha watu mbele ya jengo la vioo. Walikuja wajane, walikuja mafundi baiskeli, walikuja akina mama na watoto migongoni, wote wamevaa fulana za NIMELINDA, wote wateja wa kila siku. Mashine ikawakaribisha tena mmoja mmoja. Mlinzi alipiga saluti mpaka mkono ukamvimba.

Mezani wakakaa wenye majina. Wawakilishi wakasimama ukutani na tai zao, wakinusa.

Wanasheria wa Idara walikutana kwa dharura. Wakisema watu hawa si wateja, basi mashine imedanganya tangu siku ya kwanza, na waliokula ni nani? Wakisema mashine ni ya kweli, basi watu hawa wana haki ya viti vyao. Jambo lilikuwa zito sana. Walikubaliana kuahirisha kikao kwa ajili ya chakula cha mchana, ndipo wakakumbuka kwamba hakuna.

Mheshimiwa Makoroko hakuwa na habari. Yeye alikula ghorofa ya juu kabisa, peke yake, akiwakilisha kaya kubwa, kama inavyomstahili waziri. Kaya hiyo ilikuwa ya Mzee Galgalo, mfugaji wa kaskazini kabisa mwa nchi, mwenye wake wawili na watoto wengi. Kwa kuwa alitoka mbali, Mzee Galgalo alifika mwisho. Alichomeka kadi, akapandishwa kwa lifti pamoja na kaya yake yote, akakuta sinia la mbuzi wa kuchoma limeandaliwa. Mashine ya huko juu, iliyopakwa rangi ya dhahabu, ikamkaribisha tena kwa mbuzi wake.

Mzee Galgalo alistaajabu. Mbuzi wake walikufa wote kwa ukame, mpaka yule wa mwisho aliyekuwa amempa jina la mama yake, na muda wote huo kumbe yeye mwenyewe alikuwa anakula mbuzi kila siku. Alimtazama Waziri, akatazama sinia. Akaketi chini, akanawa, akasema bismillahi, akawakatia watoto kwanza. Waziri, ambaye hajawahi kukaa karibu na watu wanaokula bila kupewa hotuba, aliinuka akaacha sinia. Akashuka ofisini kwake.

Saa nane mchana Mheshimiwa Makoroko alihisi kitu. Kilianzia chini ya mbavu, kikapanda, kikatulia, kikarudi na nguvu zaidi. Aliwakemea makatibu wake bila sababu, kisha akataka kulia. Madaktari waliitwa. Walimpima moyo, wakampima mkojo, wakakisia sumu, wakakisia uchawi, ndege ikatayarishwa kumpeleka ng'ambo. Hatimaye Salmini, aliyeitwa ili ahojiwe kuhusu sumu, alimtazama mgonjwa mara moja tu.

"Mheshimiwa," alisema, "hiyo ni njaa."

Waziri akamwambia kwamba haiwezekani, kwani njaa ni historia. Salmini akasema pengine ni historia, lakini dalili ndizo hizo. Akamletea ndizi mbili za kuchemsha zilizobaki jikoni. Waziri akala, na dalili zikapungua, na madaktari wakaandika dawa hiyo kwenye vitabu vyao.

* * *

Tume iliundwa siku hiyohiyo. Haikuhitaji kuzunguka nchi, maana ushahidi ulikuwa ofisini. Taarifa yake ilisomwa bungeni, wabunge wakiwa wamesimama. Ilisema kwamba baada ya uchunguzi wa kina wa kitaalamu, tume imethibitisha pasipo shaka kwamba njaa ipo nchini. Imeonekana kwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Spika alishindwa kuendelea na kikao kwa huzuni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi ambayo nchi ile haijawahi kuiona. Kilichoshindikana kwa miezi kilitengenezwa kabla ya jua kuzama. Namba za siri zote zilibadilishwa, kila mwenye kadi akachagua yake mpya. Ikapigwa marufuku kwa mtu yeyote au idara yoyote kumuuliza mwananchi namba hiyo, hata kwa kumpongeza. Uwakilishi wa mezani ulifutwa. Kadi zikajazwa unga, maharage na mafuta, na mashine zikafundishwa kusema asante baada ya mtu kupokea chakula, siyo kabla.

Hakuna aliyekamatwa, kwa sababu hakuna aliyeiba, wote waliwakilisha. Yule mwanamke mwenye sauti laini alipewa nishani ya Mlinzi Bora na kuhamishiwa Wizara ya Maji, ambako sasa anahakiki visima. Kijana wa suti ya kijivu anakwenda kazini na hotpoti aliyopakiwa na mkewe, na wanasema amepungua, suti inamkaa vizuri. Bwana Fungameza alimwandikia Bi Sijaona barua ya kumpongeza kwa kupunguza uzito.

Waandishi wa redio walimfuata Bi Sijaona mpaka Mkongoroni. Walimkuta akipepeta maharage. Walitaka kujua alijisikiaje aliposikia kwamba Mheshimiwa Waziri alikaa na njaa tangu asubuhi hadi saa nane. Bi Sijaona aliendelea kupepeta. Akawajibu kwamba anampa pole, na kwamba kukaa na njaa asubuhi hadi saa nane watu wengine hukuita kwenda kazini. Sehemu ya pole ndiyo iliyotangazwa.

Sasa kila mwaka, tarehe ile, nchi ile huadhimisha Siku ya Njaa ya Waziri. Saa nane kamili king'ora hulia kila mji. Magari husimama, sokoni mizani hutulia, wanajeshi hushusha bendera nusu mlingoti, na taifa zima husimama kimya likikumbuka mateso yale. Mkongoroni nao husimama. Chande husimama barazani na miwani yake. Hata Bi Somoe husimama, ingawa midomo yake huonekana ikitembea.

Nyumba moja tu haisimami. King'ora hulia, na Bi Sijaona yuko jikoni ameinamia sufuria, mwiko mkononi, Subira ameshika sufuria kwa vitambaa isizunguke, Kondo ameshanawa na sahani yake iko tayari. Mwaka jana mjumbe wa nyumba kumi alikwenda mlangoni kumkumbusha kwa upole kwamba huu ni wakati wa kunyamaza kwa heshima ya njaa. Bi Sijaona hakuinua uso. Alimwambia mjumbe angoje nje, au aingie anawe mikono. Yeye anasonga ugali, na ugali ukiachwa hushika madonge.

Mjumbe alitazama huku, akatazama kule. Kisha akavua viatu.